Ofisi ndogo na kambi za matengenezo ya barabara mkoani: mahali panachaguliwaje? (mfano wa Lindi)

Mchoraramani_Kusini

Habari zenu wakuu. Timu yetu ina zoezi la kupendekeza wapi ziwekwe ofisi ndogo na kambi za matengenezo ya barabara ndani ya mkoa mmoja. Tumechukua Lindi kama uwanja wa zoezi kwa sababu makao makuu ya mkoa yako ukingoni kabisa, pwani upande wa kusini, na barabara zinatawanyika mbali kaskazini na magharibi.

Urefu tulioanza nao, kwa takriban: Somanga mpaka Nangurukuru km 40, Nangurukuru–Mbwemkuru km 95, Mbwemkuru–Mingoyo km 95 (na Mingoyo iko km 24 hivi kusini ya Lindi mjini), Nangurukuru–Liwale km 230, Nachingwea–Liwale km 130, na Ruangwa–Nachingwea km 47 hivi. Kutoka Lindi mpaka Nangurukuru tumeweka km 165, mpaka Nachingwea km 200.

Tulichofanya mpaka sasa: tumechukua ramani, tukatafuta kitovu cha mtandao kwa kuzipa barabara uzito wa urefu wake. Kitovu kimeangukia porini, mahali pasipo kijiji wala barabara. Mwenzetu mmoja anasema tukisogeze mpaka barabara iliyo karibu, mwingine anasema njia yenyewe ina kasoro toka mwanzo.

Maswali ni haya. Njia ipi ya kukokotoa inafaa? Ofisi moja kubwa au vituo vidogo kadhaa? Na tukishapata mji, kiwanja chenyewe kinapimwa kwa vigezo gani? Tafadhali tupeni namba, maneno ya jumla tunayo ya kutosha.

---

Injinia_Mitaro

Mwenzenu wa pili ana haki. Kitovu cha ramani kinadhani gari linaruka kama kunguru, na Lindi hairuhusu hata kidogo. Kati ya barabara ya pwani na Liwale kuna njia moja tu ya maana, ile ya Nangurukuru. Kitovu kisipoangukia juu yake, umbali uliokokotoa ni wa kwenye karatasi tu.

Ila kabla ya hesabu yoyote, amueni kituo kitafanya kazi gani, maana hapa ndipo mapendekezo mengi yanapotea njia. Neno "ofisi ya matengenezo" linabeba vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina mahali pake:

Kwanza, usimamizi na ukaguzi. Tanzania kazi nyingi za matengenezo zinafanywa na makandarasi. Wakala anakagua, anapima, anaidhinisha malipo. TANROADS (Wakala wa Barabara) imeanza mwaka 2000 ikiwa na barabara kuu na za mikoa, TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) ikaja mwaka 2017 kwa barabara za wilaya, na zote mbili zinaendesha kazi kwa mikataba. Kwa hiyo kinachosafiri kila wiki ni pikapu yenye injinia, fundi sanifu na vifaa vya kupimia. Hapo mnatafuta mahali panapopunguza jumla ya safari za mwaka.

Pili, dharura. Kalavati limesombwa, tuta limekatika, lori limelala barabarani. Hapa wastani hauna maana. Kinachohesabiwa ni saa ngapi zinapita kabla mtu wa kwanza mwenye mamlaka hajafika pale palipo mbali kuliko kote, na saa ngapi kabla kijiko hakijafika.

Tatu, stoo. Makalavati, nyavu za gabioni (vikapu vya waya vya kujaza mawe), mapipa ya lami ya emulsheni (lami iliyochanganywa na maji), alama za barabarani, koni, vipuri. Stoo inafuata mahali mahitaji yanapotokea na mahali lori linapoweza kugeuka.

Mkichanganya yote matatu kwenye hesabu moja mtapata mahali pasipofaa kwa lolote. Ofisi ya mkoa yenyewe iacheni Lindi mjini, wala msipoteze muda kuihamisha. Meneja anakaa vikao vya mkoa, malipo yanapita benki, watu wa ardhi na wa mazingira wako pale pale, na Bodi ya Barabara ya Mkoa inakutana pale. Swali lenu halisi ni vituo vya pili na vya tatu viende wapi.

Jambo moja zaidi kuhusu uzito. Msitumie kilomita peke yake. Kilomita moja ya lami iliyo kwenye hali nzuri inahitaji kukaguliwa, kukatwa majani, kuzibuliwa mitaro na kuzibwa viraka vichache. Kilomita moja ya changarawe inachongwa angalau mara mbili kwa mwaka, moja baada ya masika na nyingine kabla ya mvua kuanza, na kila mara kuna kipimo kabla na kipimo baada. Sehemu korofi zenye udongo wa mfinyanzi mweusi zinadai ziara mara mbili au tatu ya hizo. Badilisheni kila kipande cha barabara kiwe "safari kwa mwaka". Ndicho kipimo kinachoingia kwenye hesabu ya mafuta na ya muda wa watu.

---

Namba_Hazidanganyi

Naendelea alipoishia Injinia_Mitaro. Nimechukua urefu wenu na kuweka safari za kudhania ili muone hesabu inavyokwenda. Namba za safari ni za mfano, ninyi wekeni zenu kutoka kwenye ratiba ya ukaguzi na mikataba.

Vipande na safari kwa mwaka: Somanga–Nangurukuru 40, Nangurukuru–Mbwemkuru 40, Mbwemkuru–Mingoyo 40, Nangurukuru–Liwale 60, Nachingwea–Liwale 60, Ruangwa–Nachingwea 30. Umbali napima kutoka kituo mpaka katikati ya kipande, kwa kufuata barabara.

Kila kitu kikiendeshwa kutoka Lindi mjini, umbali wa kwenda ni 185, 118, 30, 280, 265 na 180 kwa mpangilio huo huo (ile 30 ni wastani, kwa kuwa Lindi iko ndani ya kipande cha Mbwemkuru–Mingoyo). Zidisha kila kimoja kwa safari zake, jumlisha, unapata km 51,420 za kwenda. Kwenda na kurudi ni km 102,840 kwa mwaka.

Ongeza kituo kimoja Nangurukuru: Somanga inakuwa km 20, Mbwemkuru km 48, barabara ya Liwale km 115. Vingine vinabaki Lindi. Jumla inashuka mpaka km 64,240.

Weka kituo hicho kimoja Nachingwea badala yake: kipande cha Nachingwea–Liwale kinakuwa km 65, cha Ruangwa km 23, na cha Nangurukuru–Liwale kikihudumiwa kwa kupitia Liwale kinakuwa km 245. Jumla ni km 65,220.

Hapo mtu angeandika kwenye ripoti: "Nangurukuru imeshinda." Subirini kwanza. Tofauti ni km 980, yaani asilimia 1.5, na safari zenyewe ni za kukadiria. Kibaya zaidi, kipande cha km 230 tumekifanya nukta moja katikati. Kikateni mara mbili, na cha Nachingwea–Liwale vilevile, kila nusu ibebe safari 30, kila nusu ihudumiwe na kituo kilicho karibu nayo. Sasa kituo cha Nachingwea kinachukua nusu ya magharibi tu ya barabara ya Nangurukuru, na nusu ya mashariki inabaki kwa Lindi. Jumla ya Nachingwea inakuwa km 60,420, ya Nangurukuru km 62,140. Mshindi amegeuka, na barabara hazijaongezeka wala kupungua hata mita moja.

Funzo la kiufundi ni kwamba msiwe na kipande kirefu kuliko km 5 mpaka 10 kwenye mtandao wenu. Kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani) chukueni mtandao wa barabara wa OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni), ukateni vipande vya km 5, kila kipande kipeni nukta yake ya katikati yenye uzito wa safari. Halafu tengenezeni jedwali la umbali kutoka kila mji unaofikiriwa mpaka kila nukta, kwa njia fupi ya barabarani. Kabla ya hapo kagueni viungio: kwenye OpenStreetMap mara nyingi mistari miwili inaonekana imegusana kumbe haijaungana, na programu itazungusha gari km 300 kwa ajili ya pengo la mita 2. Dalili yake ni nukta mbili jirani zenye umbali unaopishana mno.

Miji ya kufikiria haihitaji kuwa mingi. Mtafiti Hakimi alithibitisha mwaka 1964 kwamba mnapotafuta jumla ndogo kabisa ya umbali wenye uzito kwenye mtandao, suluhisho bora lipo daima kwenye nukta za mtandao wenyewe, yaani makutano na nukta zenye mahitaji, kwa hiyo hamna haja ya kutafuta katikati ya barabara. Kwa Lindi chukueni Lindi mjini, Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, Kilwa Masoko, Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Miji minane, vituo viwili: ni michanganyiko 28 tu. Excel inatosha, hamhitaji programu ya gharama.

Mkiweka vituo vyote viwili, Nangurukuru na Nachingwea, pamoja na Lindi, jumla inashuka mpaka km 30,820. Mmeokoa takriban km 72,000. Pikapu inayokwenda km 8 kwa lita ingechoma lita 9,000. Kwa mwendo wa wastani wa km 60 kwa saa ni saa 1,200 za injinia akiwa amekaa kwenye gari, yaani siku 150 za kazi za saa nane. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Mafuta peke yake hayalipi mlinzi, mtunza stoo na umeme wa vituo viwili, ila siku 150 za ukaguzi zinazorudi barabarani zinaonekana kwenye ubora wa kazi ya mkandarasi.

---

Kijiko_na_Greda

Hesabu nzuri, lakini iko kwenye kilomita, na kilomita ya Januari siyo kilomita ya Agosti. Lindi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Fanyeni jedwali mara mbili, kiangazi na masika, kwa saa.

Mwendo wa kuanzia: pikapu kwenye lami km 75 kwa saa, changarawe kavu 45, changarawe iliyolowa 25. Lobedi (trela la kubebea mitambo) iliyobeba kijiko ni km 40 kwenye lami na 20 kwenye changarawe. Greda likijiendesha lenyewe halizidi km 30 hadi 35, na kwa safari ya zaidi ya km 50 linakula matairi na muda bure, bora libebwe.

Angalieni Liwale. Kutoka Nachingwea km 130: kiangazi karibu saa tatu, masika saa tano na dakika kumi na kitu. Kutoka Nangurukuru km 230: kiangazi saa tano, masika saa tisa. Lobedi kutoka Nangurukuru ni saa kumi na moja na nusu ikiwa njia haijakatika, kwa hiyo ni siku mbili, maana hakuna dereva wa lobedi anayepaswa kuendesha usiku kwenye changarawe iliyolowa. Kwa hiyo Liwale ni ya upande wa Nachingwea, na hakuna kituo cha barabara kuu kinachoweza kuidai.

Upande wa kaskazini hali ni nyingine. Ile barabara ya pwani ndiyo mshipa wa kusini yote: mabasi, mafuta, saruji, korosho. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoambatana na mvua kubwa, ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwamo. Ikikatika sehemu moja, unatengeneza. Ikikatika sehemu mbili au tatu, kipande cha katikati kinakuwa kisiwa, na mtambo ulioko nje ya kisiwa hauna msaada mpaka sehemu ya kwanza ipitike. Kwa hiyo kwa dharura msiulize "kituo cha karibu ni kipi". Ulizeni: "mto huu ukikata, ni kituo kipi kiko upande huu, na kipi upande ule?"

Namna ya kulifanya kwa hesabu: orodhesheni madaraja na makalavati makubwa yote kwenye mtandao, Matandu na Mbwemkuru yakiwa ya kwanza. Ondoeni moja kwenye mtandao, kokotoeni upya saa za kufika kila nukta. Lirudisheni, ondoeni linalofuata. Kisha ondoeni mawili mawili kwa yale yaliyowahi kuzidiwa na maji. Kila nukta iandikieni saa mbaya kuliko zote. Mpangilio wenye saa mbaya iliyo ndogo ndio wa dharura, na mara nyingi hautafanana na ule wa km 30,820.

Mkiufanya huo mtaona jambo ambalo mipaka ya mkoa inalificha. Somanga iko kaskazini kabisa mwa Lindi, na kutoka Ndundu, upande wa Rufiji mkoani Pwani, ni km 60 za lami tu. Daraja likiondoka kusini ya Somanga, msaada wa haraka unatoka Pwani. Kadhalika Nachingwea: njia ya Masasi inapita Mkoa wa Mtwara, na Masasi–Nachingwea ni km 45. Kwenye pendekezo lenu andikeni makubaliano ya dharura na mikoa jirani: nani anapigiwa simu, mtambo upi unaruhusiwa kuvuka mpaka, nani analipa mafuta. Makubaliano ya kurasa mbili yanaweza kuokoa ujenzi wa kituo kizima.

---

Stoo_Kuu

Upande wa vifaa, kwa ufupi, kwa sababu ndivyo vinavyoamua ukubwa wa kiwanja.

Kalavati la zege la kipenyo cha mm 900, urefu wa mita 1, lina uzito wa kilo 750 mpaka 800. Mstari mmoja wa kuvuka barabara ni vipande 8 hivi: tani 6, lori moja. Lakini hayapakiwi kwa mikono, kwa hiyo kituo kisicho na kijiko au lori lenye winchi kisiwekewe makalavati ya saizi hiyo. Kwa kituo kidogo wekeni ya mm 600 na nyavu za gabioni.

Gabioni ya mita 2 kwa 1 kwa 1 inameza mita za ujazo 2 za mawe. Nyavu 100 zinakaa kona moja ya stoo, lakini zinataka mita za ujazo 200 za mawe, tipa 20 za mita 10. Nyavu bila mawe ni waya tu. Mawe yarundikwe mapema mwezi wa Septemba au Oktoba karibu na madaraja yenyewe, juu ya usawa wa mafuriko, na siyo kituoni. Hesabu hiyo hiyo inahusu changarawe: km 1 yenye upana wa mita 6 na unene wa mm 150 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 900, ikiwa bado tifutifu ni kama 1,170, tipa 117. Mzigo wa namna hiyo unafuata machimbo, hauhusiani na ofisi iko wapi. Msiingize safari za tipa kwenye hesabu ya kutafuta kituo, zitavuta jibu kuelekea kwenye shimo la kifusi.

Emulsheni ya lami inatulia chini ya pipa. Mapipa yaviringishwe kila wiki mbili, yawe kivulini, yatumike ndani ya miezi mitatu. Kituo chenye matumizi ya pipa moja kwa mwezi hakihitaji zaidi ya mapipa matatu. Nimeona mapendekezo yanayoweka stoo sawa kila kituo, na kila mwaka emulsheni inaganda na kutupwa.

Kwa Liwale, sioni haja ya ofisi. Wekeni kontena moja la futi 20 lililofungwa ndani ya eneo la serikali lenye mlinzi: nyavu 50, alama za "barabara imefungwa", koni, sururu, kompakta ya mkono, kamba, taa. Novemba mpaka Mei greda moja na kijiko kimoja vilale kule kwa mkataba wa mkandarasi. Iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo kwamba mtambo utakaa Liwale msimu wote na utalipwa kwa siku za kusubiri, la sivyo utakuta umehamishiwa kazi nyingine mkoa wa pili siku mvua inapopiga.

---

Mchoraramani_Kusini

Asanteni sana wakuu, mmetuondolea wiki mbili za kuzunguka. Tumekata mtandao vipande vya km 5 na tayari pengo la mita 3 pale karibu na Ruangwa limejitokeza, lilikuwa linazungusha njia yote.

Mawili yamebaki. Kwanza, bajeti ya zoezi inaruhusu kituo kimoja tu kwa mwaka wa kwanza. Nangurukuru au Nachingwea, ilhali wastani unakaribia kulingana? Pili, kiwanja.

---

Injinia_Mitaro

Nangurukuru iwe ya kwanza, na sababu siyo zile km 1,720 upande huu au ule. Kwa safari za kawaida ni sare. Kwa dharura, barabara kuu ikifungwa saa moja, idadi ya magari yanayosimama ni kubwa mno kuliko barabara ya Liwale, na hakuna njia nyingine ya pwani ya kuyapitisha. Zidisheni saa za kufika kwa idadi ya magari kwa siku ya kila kipande, sare inavunjika mara moja. Wekeni idadi kutoka kwenye hesabu halisi za magari, msibuni.

Ila pia kuna deni mnalobeba mkichagua hivyo: Liwale na Nachingwea wanabaki na saa zile zile za zamani mwaka mzima. Lile kontena la Liwale na mtambo wa msimu vianze mwaka huo huo wa kwanza. Gharama yake ni ndogo na linaziba pengo kubwa. Na kwenye ripoti lisemeni wazi, msilifiche nyuma ya wastani. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali kutoka Liwale mwezi wa Machi hasafiri kwa wastani.

Nachingwea inaweza kuanza na chumba kimoja ndani ya ofisi ya serikali iliyopo: meza mbili, kabati la mafaili, vifaa vya maabara ya shambani, fundi sanifu mmoja anayeishi pale na pikipiki. Fundi sanifu anayelala Nachingwea anafanya sehemu kubwa ya zile safari 90 bila injinia kutoka Lindi.

---

Kijiko_na_Greda

Kiwanja. Kwa kambi yenye greda, kijiko, mtambo wa kushindilia, gari la maji na tipa mbili, hekta 1 ni ya chini kabisa, hekta 1.5 inapumua. Lobedi ndiyo inayoamua: uwanja wa ndani uwe na duara la kugeukia lenye kipenyo kisichopungua mita 30, au geti mbili iingie hapa itokee pale. Kambi inayolazimisha lobedi irudi kinyumenyume kwenye barabara kuu ni hatari kila siku ya maisha yake.

Geti lisikae kwenye kona wala juu ya kilele. Mwendo wa magari ukiwa km 80 kwa saa, dereva anayetoka aone angalau mita 200 kila upande, na geti lirudi ndani mita 25 ili lobedi ikisubiri kufunguliwa isiache mkia barabarani. Afadhali zaidi kiwanja kiwe kwenye barabara ya pembeni, mita 200 au 300 kutoka makutano, kuliko kugusa barabara kuu.

Kwa Nangurukuru kuna swali la ziada: upande upi wa makutano? Mto Matandu uko kaskazini, na njia ya Lindi inakwenda kusini. Kituo kimoja hakiwezi kuwa pande zote mbili za mto. Kikae kusini, penye makutano ya Liwale na njia ya Kilwa Masoko, halafu upande wa kaskazini wa Matandu pawe na rundo la mawe, nyavu na, wakati wa mvua, kijiko kimoja cha mkandarasi kilicholazwa Somanga. Hapo mto ukikata kuna mtambo kila ng'ambo.

Kuhusu maji: msiamini macho ya kiangazi. Tembeeni kiwanja na wazee wa pale, waulizeni maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote, wekeni sakafu ya stoo angalau nusu mita juu ya hapo. Mteremko wa asilimia 1 mpaka 3 unatosha kukausha uwanja; zaidi ya 5 mitambo haiegeshwi salama.

---

Stoo_Kuu

Naongeza vile vinavyosahaulika kwenye kiwanja mpaka pesa imeshalipwa.

Hifadhi ya barabara: mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kwa barabara kuu na za mkoa. Kambi ya matengenezo iliyojengwa ndani yake itabomolewa siku ya upanuzi kama kibanda kingine chochote. Pimeni kutoka katikati ya barabara kwa utepe, msitegemee nguzo za umeme kuwa ndiyo mpaka.

Umiliki: chukueni ardhi ambayo tayari ni ya serikali na ina hati, hata ikiwa km 3 mbali na mahali hesabu iliposema. Km 3 za ziada kwa safari ni mzigo mdogo kwenye hesabu ya km 30,000, lakini fidia ya mashamba ya mikorosho inaweza kuchelewesha mradi mwaka mzima, na mkorosho ni mali ya kizazi kwa mwenye nao, haustahili kung'olewa kwa sababu ya mstari kwenye ramani.

Umeme wa njia tatu: ulizeni transfoma iko mita ngapi. Mashine kubwa ya kuchomelea na kompresa kubwa ya karakana haviendi na njia moja. Maji: gari la maji la lita 10,000 linataka chanzo kinachojaza ndani ya nusu saa, yaani lita 330 kwa dakika. Kisima cha kawaida hakifiki hapo, kwa hiyo panga tangi la juu la lita 20,000 linalojazwa usiku.

Tangi la dizeli liwe ndani ya ukuta wa zege unaoweza kushika asilimia 110 ya ujazo wake, mbali na mtaro wowote. Sehemu ya kuoshea mitambo iwe na shimo la kutenganisha mafuta na maji kabla hayajatoka nje. Kabla ya kununua chochote, masharti ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) kwa hifadhi ya mafuta na ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) kwa mazingira yawe mezani, kwa sababu yanaweza kukata robo ya eneo mlilodhani ni la kujengwa.

Na simu. Simameni katikati ya kiwanja na laini tatu tofauti, jaribuni kila moja asubuhi na usiku. Kituo cha dharura kisichopatikana kwa simu saa nane za usiku hakijafunguliwa bado.

---

Namba_Hazidanganyi

Mkimaliza, pitisheni jaribio hili moja kabla ya kukabidhi: ongezeni safari za kila kipande kwa asilimia 20, kimoja kimoja, halafu punguzeni kwa asilimia 20. Vipande vyenu vya km 5 viko zaidi ya mia, acheni Excel ifanye usiku. Kama mji uliochaguliwa unabaki ule ule mara tisa kati ya kumi, andikeni jina lake kwa wino. Ukibadilika mara nyingi kuliko hapo, andikeni miji yote miwili na sababu iliyovunja sare, kama alivyofanya Injinia_Mitaro kwa Nangurukuru, na wekeni tarehe ya kuhesabu upya: kipande chochote cha changarawe cha upande wa Nachingwea kikipata lami, saa za upande ule zitashuka na jedwali lote la masika litabadilika.